Ukutani au kwenye droo: zana za gereji ya nyumbani zikae wapi?

Wapo wanaotundika na wapo wanaofungia. Wa kwanza wanataka kila spana na kila bisibisi ionekane ukutani. Wa pili hawalali mpaka kila kitu kiwe ndani ya kabati la chuma lenye droo na kufuli. Kwa Wamarekani wa kwenye video, mjadala huu ni wa nafasi na urembo. Kwa sisi wa Kampala gereji ndimo linamolala gari, jenereta, gunia la makaa na baiskeli ya mtoto, na karakana inaambulia ukuta mmoja, labda na nusu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize nani anayekumalizia zana: mwizi, kutu, au watu wako mwenyewe?

Naanza na watu wako, maana wengi hukimbilia la mwizi. Zana nyingi za nyumbani hazivunjiwi mlango, zinaazimwa. Jirani anagonga geti jioni: "Mzee, nisaidie spana ya kumi na mbili, narudisha sasa hivi." Unampa, unafunga droo, na droo ikishafungwa haisemi kitu. Utagundua siku gari lako mwenyewe limekwama, na hapo hata hukumbuki aliyeichukua. Ukutani mambo ni tofauti. Chora umbo la kila zana kwa rangi mahali pake, na nafasi tupu itakusuta kila ukipita, itamsuta na kijana wako aliyechukua koleo akakate waya. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa ukuta, na sijasikia mtu wa droo akiijibu vizuri.

Lakini ukuta unawaonyesha na wengine. Geti likiachwa wazi wakati wa kuosha gari, kila anayepita anasoma orodha ya mali yako. Nyundo na misumeno haina neno. Grinda na drili ya umeme ndizo zinazouzika haraka mitaani, na kuzitundika hadharani ni kumwalika mtu.

Halafu kuna kutu. Mvua zetu ni misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na wanaoishi karibu na ziwa, kama Entebbe, wanaijua hewa yenye unyevu hata mvua isiponyesha. Gereji ya mabati bila dari ina tatizo lake la ziada: usiku bati linapoa, mvuke unageuka maji upande wake wa chini, alfajiri matone yanadondokea jiliwa na patasi. Watu wa makabati hapa wanajisifu kupita kiasi. Droo haizuii unyevu, inaufungia ndani pamoja na soketi ulizorudisha na jasho la mikono. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinafanya kazi kubwa kuliko mlango. Kabati lililokaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji huanza kuoza chini, kwa hiyo liinuliwe miguu na liachane na ukuta kidogo.

Ukichagua ukuta, jihadhari na ubao mwembamba wenye matundu. Unyevu unaufanya uvimbe na kupinda, na kulabu zinachomoka kila ukitoa nyundo. Afadhali wavu wa chuma wa kuchomelea, ukazwe juu ya mbao mbili zilizoshikwa ukutani. Matofali yetu ya kuchoma mengi ni laini na plasta inamomonyoka, hivyo toboa hadi ndani ya tofali lenyewe, usitoboe kwenye kiungo cha udongo au saruji. Mbao nazo ziwe kavu: kalitusi mbichi inajipinda ikikauka, na mchwa hawabagui.

Kabati nalo, utanunua la kuagizwa au utatengenezesha kwa mafundi wa kuchomelea wa Katwe? La kuagizwa lina reli za gololi, droo inateleza kwa kidole. La Katwe linaweza kuwa na bati nene kuliko hilo na vipimo vyako mwenyewe, ila udhaifu wake uko kwenye reli. Mafundi wengi huchomelea vipande viwili vya chuma na droo ikakwaruza juu yake. Ikiwa tupu inakwenda. Ijaze spana, ivute hadi mwisho: inainama mbele, na kama hakuna kizuio nyuma, inakuangukia mguuni. Usilipe salio kabla hujaivuta ikiwa na mzigo. Pitisha kidole kwenye reli pia, matone ya kuchomelea yasiyosagwa ndiyo yanayokwamisha.

Masanduku ya plastiki ya kupandana, kama Packout ya Milwaukee, yametengenezwa kwa fundi anayehama na gari lake kila siku. Kama zana zako hazitoki gerejini, unalipia mwendo usiokwenda. Anayejenga kijijini na kusafiri kila wikendi ana sababu ya kuyafikiria, ingawa ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko inafika Masaka salama vilevile.

Mimi naegemea ukuta, kabati liwe msaidizi. Zana za mkono za kila siku zikae kwenye wavu, na kwa kuwa magari yetu mengi ni ya Kijapani yaliyotumika, spana za milimita 10, 12, 14 na 17 ziwe usawa wa mkono, 13 na 15 zipande juu zimsubiri mwenye gari la Mjerumani. Kabatini ziingie za umeme, za kupimia na zenye makali. Droo mbili zinatosha, na zifungwe kwa kufuli, hasa kama kuna watoto wadogo. Mpangaji asitoboe kabla hajaongea na mwenye nyumba. Akikataliwa, wavu huohuo uchomelewe kwenye fremu yenye miguu, siku ya kuhama unapanda lori pamoja na vitanda.