Na wanawake waliobeba mizigo je?

Makala niliyosoma inamsifu Samuel Hearne, mpelelezi wa Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza ya ngozi za manyoya huko Kanada ya leo, kana kwamba alifika Bahari ya Aktiki peke yake. Ngoja kwanza. Safari zake mbili za mwanzo zilivunjika. Ya pili upepo ulimwangushia chombo cha vipimo kikapasuka, akageuza. Ya tatu, Desemba 1770, ilifaulu kwa sababu alimfuata Matonabbee, kiongozi wa Wadene, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, aliyejua njia za kulungu wa kaskazini (ndio chakula, ndio nguo, ndio hema).

Huyo Matonabbee alimwambia waziwazi kwamba safari zile za mwanzo zilishindwa kwa kutochukua wanawake. Wao ndio waliokokota mizigo, wakapika, wakashona nguo. Mwandishi hakuwataja hata kwa bahati mbaya!

Julai 1771 wakafika mlango wa Mto Coppermine. Na ile shaba iliyosifiwa sana, ambayo Hearne alitumwa kuitafuta? Walisaka saa kadhaa, wakapata pande moja la maana, kama kilo 2 hivi. Njiani kurudi Hearne aling'oka kucha za miguu, nyayo zake zikaacha damu kwenye theluji. Ngome ya kampuni, alikoanzia safari, aliifikia Juni 1772.