Mvua ikinyesha, mto unaoshwa au unachafuka?

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wetu wa Tanzania, yalibadilika rangi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wapo wananchi ambao hawakuridhika, wakanyooshea kidole migodi. Sitaufufua ubishi huo. Nataka kukaa kwenye swali lililo chini yake, ambalo huku Mwanza tunalijibu haraka mno: maji yakijaa mtoni, uchafu unaotokana na mimea na kinyesi huongezeka au hupungua?

Ninachozungumzia wataalamu hukiita kaboni ogania iliyoyeyuka. Chota ndoo ya maji ya mto siku ya mafuriko, uiache hadi asubuhi. Tope litatuama chini, lakini maji ya juu yanaweza kubaki na rangi kama ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Hiyo haituami. Maabara hupitisha maji kwenye chujio, mara nyingi lenye matundu ya mikromita 0.45, na kaboni ya majani, mizizi na samadi inayopenya ndiyo huhesabiwa kuwa imeyeyuka. Ni chakula cha bakteria, na bakteria wakila hutumia oksijeni ileile anayovuta samaki.

Wapo wanaosema mvua huosha mto. Hoja yao si ya kupuuzwa. Simama kwenye daraja la Mto Mirongo, hapa Mwanza mjini, pale Mabatini wakati wa kiangazi: maji ni membamba, na sehemu kubwa ya uchafu wake ni ya majumbani, unaomwagika kila siku mvua iwepo isiwepo. Kwa mto wa namna hiyo, maji mengi ya mvua kweli huzimua. Milligramu kwa kila lita hushuka, na anayepima siku hiyo ataandika kwa haki kwamba hali ni afadhali.

Ila mito mingi ya vijijini haifanyi hivyo. Kiangazi mto hulishwa na maji ya chini ya ardhi, ambayo yamepita kwenye tabaka za chini za udongo zinazoshika kaboni, hivyo hufika mtoni yakiwa na kaboni kidogo. Mvua ya vuli ikishuka, maji hupanda hadi tabaka la juu, kwenye majani makavu, mabua ya mashamba na mboji ya miezi mingi. Ni kama kumimina maji ya moto kwenye majani mapya ya chai. Mvua za kwanza ndizo kali zaidi; zikishachukua akiba, mvua kubwa za baadaye huweza kukuta kaboni imebaki kidogo. Ndiyo maana mto wenye kina kilekile unaweza kubeba kaboni nyingi ukiwa unapanda, na kidogo ukiwa unashuka.

Kwa maoni yangu, wanaotetea kuzimuliwa hukosea pale wanapoishia kwenye lita moja. Chukua mfano wa hesabu tu: mto unaopitisha mita 2 za ujazo kwa sekunde, wenye milligramu 10 kwa lita, hupeleka Ziwa Victoria gramu 20 za kaboni kila sekunde. Ukijaa hadi mita 50 za ujazo na kipimo kikashuka hadi milligramu 6, hupeleka gramu 300. Maji yameonekana safi zaidi, na ziwa limepokea mara 15.

Tena kasi ina lake. Mto wa polepole huwapa bakteria na jua muda wa kuivunja kaboni njiani. Ukifurika hugeuka bomba: kilichotoka shambani hufika ghubani karibu kilivyo.

Hapo wengi husema, basi tulinde mafunjo mdomoni mwa mto. Nakubali, na naumia kila nikiona yakichomwa. Lakini tusiyape sifa isiyo yake. Mafunjo hukamata tope vizuri sana. Kaboni iliyoyeyuka ni jambo jingine, kwa sababu kinamasi chenyewe cha mafunjo huoza na kuitoa, na maji yaliyolala humo mwezi mzima husukumwa nje kwa mkupuo mafuriko yakija, yakiwa na oksijeni kidogo.

Mwanza tunakunywa maji ya ziwa hili. Shabu inayotiwa wakati wa kuyasafisha huondoa tope na sehemu tu ya kaboni hii. Inayobaki hukutana na klorini na kuzaa kemikali kama trihalomithani, ambazo si za kunywa kwa miaka. Kwa hiyo sioni sababu ya kuchota sampuli ya mto mara moja kwa mwezi, siku ya jua, njia ikipitika. Chupa moja ichotwe mto unapopanda baada ya mvua za kwanza za vuli, nyingine unaposhuka, na kila moja iandikwe pembeni mto ulikuwa ukipitisha maji kiasi gani saa ile.