Msiusingizie mngurumo

Mashabiki wa metali, ile roki nzito ya gitaa zenye mkwaruzo, wana neno moja wanalolitumia kama hukumu: "wamelainika." Bendi ikipendwa na wengi, wakongwe wananuna. Mgeni akisema anasikia kelele tu, anaambiwa masikio yake bado machanga. Mimi nasema kinachomkimbiza mgeni mara nyingi si mngurumo wa waimbaji wala kasi, ni sauti zilizochanganywa ovyo studioni.

Chukua ngoma ya mguu. Kwenye mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, mpigaji anayetia vishindo vinne katika kila pigo anakanyaga zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Kati ya kishindo na kishindo kuna milisekunde 75. Kishindo kikiachwa kivume milisekunde 150, viwili vinaparamiana muda wote, na unachosikia ni kinu cha kusaga. Ndiyo maana mafundi hukata mvumo na kuongeza ule mlio mkavu wa juu, "tak." Wakongwe wanaubeza kuwa ni taipureta. Ubezeni, lakini bila huo mtahesabu nini?

Kwa gitaa kosa ni lilelile kila siku: mkwaruzo hadi mwisho, sauti za kati zimefyekwa. Likipigwa peke yake linatisha. Bendi ikiingia, halipo. Chini kuna besi na ngoma, juu kuna matoazi, na pale katikati, nyumbani kwa gitaa, pameachwa patupu. Punguza mkwaruzo, rudisha sauti za kati, kisha rekodi rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, ileile mara mbili, moja sikio la kushoto, nyingine la kulia. Mipigo miwili isipolingana barabara, rudia. Kuongeza wa tatu kunazidisha ukungu.

Sasa niudhi watu. Kwenye albamu ...And Justice for All ya 1988, besi ya bendi ya Metallica ni ya kutafuta kwa tochi. Mwaka 1991, kwenye albamu iliyofuata, wakiwa na prodyuza Bob Rock, besi ilirudi, mwendo ukapungua, na kilio cha usaliti kikaanza. Lakini "Sad but True," wimbo wa albamu hiyo ambao nyuzi za gitaa zilishushwa hadi D, ni nzito kuliko nyimbo nyingi za thrashi, metali ya kasi. Inaeleweka, na bado inaponda.

Tena kuimba kwa sauti safi, bila mngurumo, si tiketi ya wepesi. Bendi ya Opeth haikunguruma kwenye albamu ya Damnation ya 2003, wala kwenye Heritage ya 2011. Ya kwanza inaingia taratibu. Ya pili inapinda kila kona, na ndiyo iliyogawa mashabiki.

Blaki metali, tawi la metali linalopenda sauti chafu, naiacha pembeni. Albamu ya Transilvanian Hunger ya bendi ya Darkthrone, 1994, ilirekodiwa kwa mashine ya njia nne tu za sauti, na ukungu wake ni wa makusudi. Ukiusafisha umeua wimbo.

Kabla ya kumcheka mgeni, muulize anasikilizia nini. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hulia karibu na hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), ukishushwa hadi B ni kama 62, na spika ya simu haifiki huko. Mpe hedifoni, sauti ya wastani, wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza afuate snea tu, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Ya pili, ausikie mngurumo kama ngoma nyingine, konsonanti zinagonga wapi. Ya tatu, gitaa la kushoto. Akikataa baada ya hapo, basi kaukataa muziki wenyewe, na hiyo ni haki yake.