"Full Clip" ya Gang Starr: hazina safi, historia iliyovurugwa

Mwaka 1999 Gang Starr, kundi la hip-hop la Marekani, walitoa "Full Clip: A Decade of Gang Starr", diski mbili zenye nyimbo zaidi ya 30, kuadhimisha miaka 10 tangu albamu yao ya kwanza. Mara nyingi albamu ya mkusanyiko ni ujanja wa lebo kukuuzia tena ulichokwisha kununua. Hii imesifiwa kuliko nyingi za aina yake, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni haki yake. Ila ipo kasoro ambayo mashabiki huipita kimyakimya: nyimbo hazikupangwa kwa miaka.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Rapa Guru wa Boston na prodyuza DJ Premier wa Houston, yaani Gang Starr wenyewe, walikuwa na tabia ya kuacha kazi kali nje ya albamu zao. "DWYCK", waliyofanya na kundi la Nice & Smooth, ilitoka kwanza 1992 kwenye upande B wa santuri, ndipo ikaja kuingizwa kwenye "Hard to Earn" ya 1994. "Jazz Thing" ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya Spike Lee, "Mo' Better Blues" (1990). "1/2 & 1/2" na kundi la M.O.P. ilikuwa kwenye muziki wa filamu ya "Blade" (1998). Shabiki wa wakati ule alilazimika kuzisaka moja moja madukani. Kuzikusanya pamoja kulikuwa msaada wa kweli, si biashara tu.

Halafu kuna wimbo mpya uliobeba jina la albamu. Premier alichukua vibrafoni (ala ya vibao vya chuma) ya mwanajazi Cal Tjader, akaikatakata na kuitandika juu ya ngoma nzito, na wimbo unafunguliwa kwa kumuaga rapa Big L, aliyepigwa risasi Harlem Februari mwaka huohuo. Mikusanyiko mingi hutiwa wimbo mpya wa kujazia nafasi. Huu unasimama bega kwa bega na kazi zao bora. ("Discipline", wenye kiitikio cha kundi la Total, ndio wa kujazia. Huo mimi huuruka.)

Sasa kasoro. Ukisikiliza kazi za Gang Starr kwa mpangilio wa miaka, unamsikia prodyuza akikua. "Words I Manifest" ya mwanzoni imepanda mgongoni mwa "A Night in Tunisia", utunzi wa mwanajazi Dizzy Gillespie, na jazi unaitambua papo hapo. Kufikia "Mass Appeal" ya 1994, Premier anatosheka na noti chache tu za mpiga gitaa Vic Juris, zinazojirudia mwanzo hadi mwisho, na kiitikio hakiimbwi: anakiunda kwa kuskrachi, yaani kusugua kwa mkono, sauti kutoka santuri nyingine. Kwenye "Above the Clouds" ya 1998 jazi imebaki harufu tu.

Safari hiyo ndiyo kiini cha kundi hili. Baada ya "Jazz Thing" walibandikwa jina la marapa wa jazi, na hawakutaka kufungiwa humo. Guru akaihamishia jazi kwenye mradi wake wa Jazzmatazz (1993), akiwaita wapigaji wenyewe kama Donald Byrd na Roy Ayers, huku Gang Starr ikizidi kuwa ngumu. "Full Clip" inazichanganya zama hizo, na msikilizaji mgeni hawezi kujua nini kilizaa nini.

Watetezi hujibu kwamba mchanganyiko huo unathibitisha uthabiti wao: wimbo wa 1991 unaufuata wa 1998 na husikii mshono. Kwa upande wa Guru wako sahihi. Sauti yake ileile tulivu, isiyopanda wala kushuka, ndiyo uzi unaoshona diski zote mbili. Kwa Premier siwakubalii hata kidogo, maana kumsifia kwa kutobadilika ni kumnyima alichofanya vizuri zaidi.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama kundi lingeendelea. Lakini baada ya hapo walitoa albamu moja tu Guru akiwa hai, "The Ownerz" ya 2003. Alifariki Aprili 2010. Mkusanyiko mwingine wa 2006 ulikuwa mfupi zaidi na haukuing'oa "Full Clip" kwenye nafasi yake. Kwa hiyo mgeni wa Gang Starr bado huelekezwa kwenye diski hizi mbili. Nami humwelekeza hukohuko, ila namwambia aanze na "Step in the Arena" ya 1991, kisha "Daily Operation" ya 1992.