Kabla ya darubini, mpeni mtoto kijiti

Mwezi mwandamo wa huku kwetu hulala. Ukitazama magharibi jua likishazama, utauona kama dau majini, ncha zake mbili zikielekea juu, pengine umeinama kidogo upande mmoja kulingana na msimu. Lakini mwambie mtoto wa darasa la nne auchore. Mara nyingi atakuchorea mwezi uliosimama wima kama mundu, kwa sababu ndivyo ulivyo kwenye picha ya kitabu. Picha hiyo si ya uongo, maana watu wa nchi za mbali kaskazini huuona mwezi ukiwa hivyo. Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto ameamini karatasi kuliko macho yake, ilhali anga liko juu ya paa la kwao kila jioni.

Naanza na mwezi huo kwa sababu mjadala wa kufundisha sayansi kwa vitendo, na hasa elimu ya anga, umerudi tena katika shule zetu za msingi. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala mpya Januari 2024, ikisisitiza umahiri badala ya kukariri. Kenya iliujaribu mtaala wa umilisi kuanzia 2017 na kuuanza rasmi 2019. Wapo wanaotaka kila shule ipate darubini na vifaa vya majaribio, na watoto walale wakiota sayari. Wapo pia, na wengi wao ni walimu walio darasani, wanaouliza darubini itamsaidia nini mtoto ambaye bado anasoma kwa kuungaunga silabi. Nimezisikiliza hoja zote mbili kwa muda mrefu. Kila upande una ukweli wake, ila zote mbili zimemfanya mtoto asubiri kifaa ambacho somo lenyewe halikihitaji.

Hoja ya wanaotetea vitendo ina mzizi mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1992 watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha matokeo ya mahojiano waliyofanya na watoto 60 wa shule ya msingi nchini Marekani. Wakiulizwa umbo la dunia, watoto wengi walijibu vizuri tu kwamba ni duara. Walipozidi kuhojiwa, ikadhihirika kwamba baadhi yao walifikiria mpira ulio wazi ndani, watu wakiishi kwenye tambarare humo ndani. Wengine waliamini kuna dunia mbili, moja ya duara iliyo angani na nyingine bapa tunayoikanyaga. Watoto hao wangepewa swali la kuchagua jibu sahihi wangepata vema. Neno lilikuwa limeingia kichwani, dunia haikuwa imebadilika. Kwetu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hupita mikononi mwetu bila mtu kumgundua.

Sasa chukua kijiti cha mita moja. Kisimamishe wima uwanjani, ukihakikisha wima wake kwa uzi uliofungwa jiwe kama timazi ya fundi mwashi. Kila nusu saa mtoto mmoja aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena, na pale kilipokuwa kifupi kuliko pote ndipo ulipo mstari wa kaskazini na kusini, bila dira. Hapo darasa litagundua jambo la kwanza la kushangaza: adhuhuri ya jua haiji saa sita kamili. Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi huja karibu saa sita na nusu, kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi yake.

Rudieni zoezi hilo mwezi hadi mwezi. Dar es Salaam, mwishoni mwa Juni, kivuli cha adhuhuri cha kijiti hicho kitakuwa na urefu wa kama sentimita 58 na kitaelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kitapungua hadi kama sentimita 30, na kitakuwa kimegeuka kuelekea kaskazini. Katikati yake, karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kijiti hakitoi kivuli kabisa. Mtoto wa London hawezi kuliona jambo hilo kwao hata akikesha uwanjani maisha yake yote. Mtoto wa Temeke huliona mara mbili kwa mwaka bila kulipa senti. Halafu vitabu vyetu vinamfundisha habari ya Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar es Salaam, nyuzi karibu saba kusini mwa ikweta, haionekani kamwe!

Wanaopinga wana nguvu mahali pengine, na ni haki wasikilizwe. Ripoti za Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Afrika Mashariki, zilizoanza kutoka mwaka 2010, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo sababu mwaka 2015 Tanzania iliupunguza mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili kusoma, kuandika na kuhesabu vipewe nafasi kubwa. Mwalimu mwenye watoto tisini, kipindi cha dakika 40, na azimio la kazi ambalo mkaguzi atalidai, akikuambia hana muda wa nyota, usimwite mvivu.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, ambayo watetezi wa vitendo hawapendi kuigusa. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba anayeanza kujifunza hafaidiki kwa kuachiwa agundue mwenyewe, kwa kuwa akili yake hulemewa na mambo mengi kwa mpigo. Anahitaji kwanza kuonyeshwa na kuelekezwa. Nakubaliana nao. Kumpa mtoto vizibo, makopo na betri ukamwambia "gundua" ni kumtelekeza. Hata kijiti changu hakisemi chochote chenyewe. Mwalimu lazima aulize: kesho saa nne kivuli kitafika wapi, na kwa nini unasema hivyo? Mtoto aweke kijiwe chake kwanza, kisha asubiri jua limjibu.

Pia tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya vitendo vilivyoharibika. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikusudia mtoto ajifunze kwa kulima: apime, apange, ajadili kwa nini mahindi ya upande huu yamenyauka. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Shamba likawa kazi, na likawa adhabu ya waliochelewa. Kenya nayo, wazazi walilalamika kwamba kazi za mtaala wa umilisi zimehamia mezani kwao usiku, pamoja na gharama za kununua vifaa na kuchapisha picha, na malalamiko kuhusu mtaala huo yalichangia kuundwa mwaka 2022 kwa jopo la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu. Kwa hiyo mzazi anaposikia neno "vitendo" na mkono wake ukaenda mfukoni, anajua anachokiogopa.

Ndipo ninapotofautiana na wanaodai darubini kwanza. Sizichukii darubini. Nimeona mtu mzima akinyamaza kimya baada ya kuona pete za sayari ya Zohali kwa mara ya kwanza. Ile darubini ndogo ya kuunganisha kwa mkono, Galileoscope, iliyobuniwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia 2009, ina lenzi ya milimita 50 tu, na inatosha kuonyesha pete hizo pamoja na miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni, na Tanzania ilipata mradi wa Telescopes to Tanzania. Hao wamefanya kazi ya maana. Lakini usiku mmoja wa foleni, kila mtoto sekunde ishirini kwenye kioo, huacha kumbukumbu nzuri na ujuzi mdogo. Na shule niliyowahi kuitembelea ilikuwa na darubini ya msaada iliyofungiwa kabatini kwa kufuli, kwa hofu kwamba watoto wataivunja. Ilikuwa safi kabisa.

Suala la usiku nalo wazazi hulitaja, na wana haki. Nani atamrudisha binti wa miaka kumi nyumbani gizani? Hapa jiografia inatusaidia. Karibu na ikweta giza huingia upesi, na ilipofika saa moja na nusu nyota zimeshatanda, mwaka mzima. Tena mwezi hauhitaji usiku. Siku chache baada ya kuwa mpevu huonekana upande wa magharibi asubuhi, watoto wanapokwenda shule. Ukiwa nusu, kabla ya kupevuka, huonekana mashariki mchana, wanaporudi. Wape kazi ya wiki mbili: kila siku uchore mwezi ulivyo, uandike saa na upande uliouona. Daftari, penseli, sentensi moja kwa siku. Anayesema tuanze na kusoma na kuandika, hapo watoto wanaandika, na wanaandika jambo walilolishuhudia wao.

Pwani jambo hili si geni. Watoto wa Zanzibar na Lamu hupanda juu ya dari kutafuta mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanafanya sayansi. Wazee wametuachia kauli kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kauli hiyo imebeba uangalizi wa vizazi juu ya kundi dogo la nyota na majira ya kulima, na ingefaa kupimwa na darasa: kilizama lini mwaka huu, na mvua ilikuwaje?

Ila lugha nayo inatudai. Majina ya sayari tuliyoyarithi kupitia Kiarabu yanaeleweka: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Baadhi ya vitabu vya shule vikaja na orodha nyingine, sayari yenye pete ikiitwa Sarateni, na jina la Zohali likahamishiwa sayari ya Uranus. Mtoto anayeonyeshwa pete kwenye darubini na mtaalamu anayesema "Zohali," kisha akajibu mtihani kwa kitabu kinachosema "Sarateni," atajifunza kwamba anga la kweli na anga la shule ni vitu viwili. Wenye kusimamia vitabu wangelimaliza jambo hili kwa kikao kimoja.

Na mtihani ukibaki ulivyo, mwalimu hatatoka nje ya darasa hata ukimpa vijiti mia. Swali moja lenye mchoro wa vivuli vitatu, likiuliza kipi ni cha Desemba hapa Tanzania, lingebadilisha mafundisho ya mikoa yote ndani ya mwaka mmoja. Swali hilo linaweza hata kuwa la kuchagua herufi. Ruzuku ya shule ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka hainunui darubini, na hapa haitaguswa.

Septemba 1, 2016 jua lilipatwa kipete, yaani mwezi ulilifunika katikati ukaacha pete ya mwanga pembeni, na watu wakamiminika Rujewa, Mbeya, wakigombea miwani maalumu ya kutazamia. Mei 21, 2031 litapatwa kipete tena, na njia ya kivuli itapita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania. Miwani itakuwa michache siku hiyo pia, na kulitazama jua kwa macho matupu kunaweza kupofusha. Lakini darasa lililozoea vivuli litajua la kufanya: litalipa jua mgongo na kuinamia ardhi chini ya mwembe, ambako kila upenyo wa majani utachora pete ndogo ya mwanga mchangani, mamia kwa mamia.