Tezo ya mhunzi na tezo ya dukani si kitu kimoja

Mwandishi wa makala kuhusu wahunzi anasema mashine zimewaondoa kwa sababu zinafanya kazi ileile kwa haraka zaidi. Haraka nakubali, kazi ileile nakataa. Mimi naunda mashua hapa Tanga, na tezo ninayoitegemea (kifaa cha kuchongea mbao, bapa lake limekaa kama la jembe) ilifuliwa mtaa wa Ngamiani kutokana na kipande cha springi ya lori. Springi ina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, ndiyo maana inashika makali. Nondo ya kawaida, hata uifue mpaka kesho, italegea tu. Mzee mhunzi aliyeifua aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, akachovya makali peke yake majini, akaisugua upesi ing'ae, kisha akatazama rangi ya joto lililobaki ikitembea kuelekea kwenye makali: manjano, hudhurungi, halafu buluu. Ikifika anapoitaka, anaichovya tena. Akichelewa, makali yanakuwa laini. Akiwahi mno, yanamegeka kwenye fundo la kwanza la mvule. Kijana wa kuchomelea (nawaheshimu, geti langu wamelitengeneza wao) anaunga chuma vizuri, lakini moto wake ukipita karibu na makali unaharibu ugumu wote. Majembe ya dukani yalishinda kwa bei, sawa. Ila ninachokiona sasa ni springi chakavu kugombaniwa na wanunuzi wa vyuma vya kuyeyusha, mkaa kupanda bei, na vijana kutokaa tena kwenye mvukuto. Kuna msomaji wa Pangani, Muheza au Korogwe anayemjua mhunzi ambaye bado anafua tezo na atakubali kumfundisha kijana wangu wa karakanani?