Misako 70, matokeo 5: takwimu inayosomwa nusu

Kijana aliingia duka la dawa akaomba vidonge vinne vya sipro, aina ya antibayotiki. Dozi ingekuwa kumi au zaidi, lakini mfukoni alikuwa na hela ya nne. Muuzaji, dada ninayemfahamu miaka mingi, alimshauri anunue zote, kijana akatabasamu, akapokea vidonge vyake vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya bati, akaenda zake. Dada akanigeukia: "Umeona, kaka? Halafu mnaandika tuletewe dawa mpya. Za kuzifanyia nini?"

Swali hilo, lenye maana kwamba dawa tunazo nyingi ila tunazitumia vibaya, ndilo lenye wapiga makofi wengi siku hizi kila usugu wa vimelea, yaani vimelea kutokufa tena kwa dawa, unapozungumzwa. Na mwenye kusoma zaidi huongeza takwimu moja ya kufunga mjadala. Kati ya 1995 na 2001, kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline iliendesha misako 70 ya molekuli za kuua bakteria. Katika 67 kati ya hiyo, walichagua kwanza shabaha moja ndani ya bakteria, mara nyingi kimeng'enya (protini inayoendesha kazi fulani ndani ya seli) asichoweza kuishi bila nacho, kisha wakapitisha maelfu kwa maelfu ya molekuli kutafuta ya kukizuia. Wakatoka na molekuli 5 za kuanzia kazi. Dawa kamili ilikuwa bado mbali. Wenyewe waliyachapisha haya mwaka 2007, na tangu hapo tarakimu hizo zimekuwa kama hati ya mazishi: njia ya vimeng'enya imekufa, fedha zipelekwe kwenye sabuni, vyoo na elimu.

Tarakimu ni za kweli. Ninachogombana nacho ni usomaji wake.

Tuangalie walikwama wapi. Molekuli zilizozuia kimeng'enya ndani ya mirija ya maabara zilipatikana. Tabu ilianza zilipokutanishwa na bakteria mzima. Bakteria wa kundi la E. coli na Klebsiella wana tando mbili, na utando wa nje ni mgumu kupenya. Molekuli ikibahatika kuingia, inakutana na pampu ambazo kazi yake ni kutapika chochote kigeni. Isitoshe, maghala ya molekuli yaliyotumika yalijengwa kwa ajili ya maradhi ya binadamu kama presha na pumu, na molekuli zinazopenya kwenye seli zetu si lazima zipenye kwenye bakteria. Ilikuwa kuvua dagaa kwa jarife, wavu wa matundu makubwa. Ukirudi pwani mikono mitupu, usiseme baharini hakuna dagaa.

Ushahidi kwamba wapo tunao karibu, kwenye kliniki za kifua kikuu. Isoniazidi, iliyoanza kutumika 1952, huzuia kimeng'enya ambacho bakteria wa TB anakihitaji kujengea ukuta wake. Rifampisini huzuia kimeng'enya kinachonakili maelekezo ya vinasaba. Zaidi ya miaka 70 baadaye, isoniazidi bado imo ndani ya vidonge anavyopewa mgonjwa mpya wa TB kutoka Kigoma hadi Mombasa. Imedumu kwa sababu haitembei peke yake: anayeponyoka dawa moja anakutana na nyingine. Kwa hiyo anayesema dawa ya kimeng'enya kimoja huzimwa na badiliko moja tu la kinasaba anasema kweli, ila ni kweli ya dawa inayotumwa vitani peke yake.

Halafu kuna bedakwilini, dawa nyingine ya TB, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo. Watafiti wake hawakuanza na kimeng'enya. Walianza na bakteria hai, wakatafuta kinachomuua, na baadaye ndipo wakagundua kwamba molekuli yao inazuia kimeng'enya kinachomtengenezea nishati. Walitangaza mwaka 2005, na Marekani ikaidhinisha dawa mwishoni mwa 2012. Mpangilio uligeuzwa tu: kwanza hakikisha inaingia ndani na kuua, kisha uliza imegusa nini. Shabaha ni ileile ya aina ya vimeng'enya ambayo tunaambiwa imekufa.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kabla yake, mgonjwa wa TB sugu alimeza dawa hadi miaka miwili, na kwa miezi kadhaa alichomwa sindano kila siku. Sindano zile ziliharibu masikio. Wapo waliorudi nyumbani wamepona kifua, lakini ukiwaita kwa nyuma hawageuki. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita ambao bedakwilini ndiyo mhimili wake. Hakuna sindano. Sabuni na vyoo ni muhimu mno, lakini visingemrudishia mtu masikio.

Na GlaxoSmithKline hao hao hawakufunga maabara. Mwaka 2010 wanasayansi wao walichapisha picha ya molekuli ya aina mpya ikiwa imeng'ang'ania jairesi ya bakteria. Jairesi ni kimeng'enya cha kukunjua vinasaba. Aliyewahi kumtazama mzee akisokota kamba ya mnazi anajua kamba ikizidi kusokotwa hujikunja vifundo. Uzi wa vinasaba vya E. coli una kama milimita moja na nusu, nao umekunjwa ndani ya kiumbe wa mikromita mbili hivi. Jairesi hukata kamba, hupitisha upande mwingine kwenye mwanya, kisha huunga. Sipro ya yule kijana hufanya kazi hapohapo: hukishika kimeng'enya kikiwa kimeshakata, kisiunge. Jepotidasini, iliyotoka kwenye ukoo wa molekuli ile ya 2010, hushika mahali pengine, tena hushika vimeng'enya viwili kwa pamoja, kiasi kwamba mara nyingi bakteria anahitaji kubadilika kwenye vyote viwili ndipo aponyoke kabisa. Machi 2025 Marekani iliidhinisha itumike kwa UTI ya wanawake. Miaka kumi na tano kutoka picha hadi kidonge.

Sasa upande wa pili, maana dada wa duka la dawa si mjinga. Mfululizo wa makala katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ulikadiria kuwa vifo 750,000 kwa mwaka vinavyohusiana na usugu vingeweza kuzuiwa kwa usafi wa hospitali, maji salama, vyoo na chanjo. Biashara nayo ni mbaya: kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata idhini ya antibayotiki yake Juni 2018, na Aprili 2019 ikaomba kufilisika. Dawa nzuri ya bakteria inatakiwa iwekwe akiba, na kitu cha kuwekwa akiba hakimlipi mwenye duka. Uingereza imejaribu njia nyingine, inawalipa watengenezaji ada ya kila mwaka bila kujali vidonge vingapi vimetumika. Hazina zetu haziwezi kulipa ada ya aina hiyo.

Lakini ile kauli ya "tuna dawa nyingi, tunazitumia vibaya" ina upande usiosemwa. Utafiti uliotoka 2025 ulihesabu maambukizi ya bakteria sugu kwa karbapenemu, yaani dawa za akiba, katika nchi nane, Kenya ikiwamo. Kwa mwaka 2019, waliopata tiba inayofaa walikuwa asilimia 6.9. Kati ya wagonjwa mia, saba. Hao tisini na tatu waliobaki utawahubiria nini kuhusu kumaliza dozi? Dozi ipi? Nchi zetu zina mtu anayemeza antibayotiki kwa mafua na mwingine anayekufa wodini kwa kukosa ya kumfaa, pengine katika mtaa mmoja, na semina nyingi humzungumzia wa kwanza tu.

Mkemia, kwa upande wake, husikia hoja kama za dada zaidi ya anavyodhaniwa. Chukua zoliflodasini, ya kisonono, inayoshika jairesi mahali tofauti na sipro. Mshirika katika kuitengeneza ni GARDP, taasisi isiyo ya faida, yenye haki ya kuifikisha katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Jaribio la mwisho lilikuwa na watu 930, wakiwamo wa Afrika Kusini, na Desemba 2025 Marekani iliiidhinisha. Iliponya maambukizi ya sehemu za siri kwa karibu asilimia 91, tiba iliyozoeleka, yaani sindano ya seftriaksoni pamoja na azithromaisini, ikiwa 96, kwa hiyo haikushinda. Ilikaribia kiasi cha kukubalika. Ila ni chembechembe za kukoroga na maji na kunywa mara moja, basi. Haigawanyiki kwa mkasi.

Nilimweleza dada haya. Akafikiri kidogo, akaniambia hata hiyo ya kukoroga mtu ataimeza kwa ugonjwa usio wake. Hapo sina jibu la maabara. Bedakwilini imeshaanza kupata bakteria sugu, wengine kwa kuzidisha zile pampu za kutapika dawa, na vipimo vya kuwatambua vimeenea polepole kuliko dawa yenyewe. Zoliflodasini ikija bila kipimo cha kisonono, itakwenda njia hiyohiyo.

Yule kijana, kwa mfano. Sipro haiaminiki tena kwa kisonono, ila huenda hata hakuwa nacho. Dada hakumuuliza anaumwa nini, nami niliyekuwa nimesimama pale na hoja zangu zote sikumuuliza.